Nyuzi Zilizogusa Sakafu

Nizwa walisema ni uganga. Walisema sokoni, walisema barazani, walisema hata ndani ya basi la wachezaji wao wakati linarudi nyumbani baada ya kushindwa: "Wale Wazinjibari wa Ibra wana kitu chao. Vinginevyo hayo majitu wanayatoa wapi?"

Na ukitazama, ilikuwa haielezeki. Chuo cha ualimu kilichokuwa nje kidogo ya Ibra kilikuwa na madarasa manane, maji ya tangi, na uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu uliomwagwa pembeni mwa wadi, bonde la mto mkavu, bila ukuta wala bati. Nizwa walikuwa na kila kitu. Lakini kila mwaka, tangu mwaka wa themanini, vijana warefu wa mkoa mzima wa Sharqiyah, kutoka Sur, kutoka Jalan, kutoka vijiji ambavyo gari hufika siku ikitaka, walimiminika Ibra mmoja mmoja, wakiinamisha kichwa kwenye kila mlango.

Uganga wenyewe ulikuwa umetundikwa misumarini chumbani kwa Bi Turkiya, na katika miaka mitano hakuna hata mmoja aliyekuja kuutazama.

Bi Turkiya alikuwa mshonaji. Alitoka Malindi ya Unguja, akapitishwa kwingi, akafika Ibra mwaka wa sabini na nne na cherehani ya mkono iliyoviringishwa ndani ya godoro, yeye na mdogo wake Mahrous. Siku ya kuandikishwa, karani mmoja aliwatazama juu mpaka chini akasema, "Nyinyi Waarabu gani, msiojua Kiarabu?" Bi Turkiya hakumjibu. Lakini jina la karani yule analo, na jina la baba yake analo, na urefu wa kanzu yake anao pia, kwa sababu mwaka uliofuata alikuja kushonesha ya Idi, na alishonewa vizuri kabisa, mshono ulionyooka, ili asipate pa kushika.

Hakutumia futi. Bibi yake alimfundisha kupima kwa uzi, na kwa uzi akabaki. Kila mteja alikuwa na uzi wake wa katani: fundo la kwanza upana wa mabega, fundo la pili mkono, na ncha ya uzi ndiyo urefu wa kanzu, kutoka shingoni mpaka kifundo cha mguu. Juu alifunga kitambaa chenye rangi yake mtu, na rangi zote alizijua kwa kichwa. Mteja akishapimwa mara moja, basi. Mwaka ujao hutuma salamu tu kwamba Idi inakaribia. Nyuzi zilining'inia kwenye misumari iliyopigwa mstari mmoja, usawa wa paji la uso wake, ukuta mzima. Uzi wa mtu wa kawaida uliishia hewani, shubiri moja na kitu juu ya sakafu.

Mahrous ndiye aliyeona. Alikuwa mwalimu wa michezo, mwenye vyeti viwili halali, na vyeti hivyo vilikaa juu ya meza za watu miaka miwili akiambiwa arudi kesho, huku wageni walioletwa kwa ndege wakipewa nyumba na gari siku ya kushuka. Alipopewa kazi hatimaye, alipewa chuo kisicho na timu, akaambiwa afanye timu. Jioni moja alikaa kwa dada yake akinywa kahawa, hana raha, macho chini. Akaona uzi mmoja umelala sakafuni kama mkia wa paka.

"Dada, huu umekatika vibaya?"

"Uzi wangu haukatiki vibaya. Huyo ndiye alivyo."

Mahrous akaweka finjani chini polepole. Akatembea ukuta mzima ameinama, akihesabu nyuzi zilizogusa sakafu. Zilikuwa tano.

"Huyu wa kitambaa cha kijani ni nani?"

"Marzouq wa Jalan Bani Bu Hassan. Mama yake hununua kitambaa cha watu wawili."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Na mara ya kwanza nusura iharibike, kwa sababu ya finjani.

Mwalimu mwenzake mmoja, mwenyeji wa vijiji vya ndani, alimfundisha Mahrous adabu ya huko. Usiende ukasema shida yako mlangoni. Utauliza habari, utaulizwa habari, mtakula tende, na kahawa ikimiminwa weka finjani mbele yako usiinywe. Mwenye nyumba ataona. Atakwambia, kunywa, haja yako imepita. Akishasema hivyo ndipo unasema haja yenyewe, naye hawezi tena kukataa. Mahrous akakariri yote. Akavaa kanzu mpya, akanunua halwa, akapanda gari la mzigo mpaka Jalan.

Ambalo mwenzake alisahau kumwambia ni hili: mtu wa miaka arobaini, asiye na mke, anayetoka mbali na kanzu safi na halwa mkononi, akaweka finjani chini bila ya kunywa, hujulikana amekuja kutaka nini. Na baba yake Marzouq alikuwa na binti mkubwa, mjane, jina lake Wadha.

Mzee alitazama finjani ile kitambo kirefu. Nyuma ya pazia wanawake walisogea karibu.

"Kunywa," akasema mzee. "Haja yako imepita, na ahlan wa sahlan."

Mahrous akanywa yote. "Shukran. Basi Marzouq nitamchukua mwezi wa tisa."

"Marzouq?"

"Marzouq."

Mzee akageuza uso kwa watu wake, kisha akamrudia mgeni. "Umekuja na halwa yote hii kumposa mwanangu wa kiume?"

Mahrous alieleza mpira. Alieleza kikapu, chuo, cheti, mshahara wa ualimu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Marzouq mchukue. Neno limeshatoka. Lakini mimi nililitoa kwa ajili ya mwingine, na wanawake wamesikia."

Ndipo sauti ya Wadha ikatoka nyuma ya pazia, haina haraka. "Muulizeni kwanza kama anajua kuendesha gari."

Hakujua. Wadha alijua. Tangu mumewe wa kwanza afe yeye ndiye aliyekuwa akipeleka maji kwa mbuzi, na pikapu aliitia mchangani na kuitoa kama mtu anayevua kiatu. Mwezi wa tisa Mahrous alirudi Ibra na Marzouq, na baada ya miezi mitatu akamwoa Wadha. Bi Turkiya aliposimuliwa alicheka mpaka akajichoma sindano.

Basi wakaendelea hivyo, miaka mitano. Dada anapima, ndugu anatazama sakafu, kisha anakwenda na finjani yake. Alijifunza kwanza kuuliza kama kuna binti. Mmoja wa Sur, Yaarub, alipatikana kwa sababu shangazi yake alilalamika kwamba kanzu za dukani zote zinamfika magotini. Mwengine alikuwa akichunga ngamia, mwengine tayari ameshakubali kazi ya kubeba magunia bandarini. Waliingia chuoni hawajui mpira ni wa mkono au wa mguu, wakatoka walimu. Hilo Bi Turkiya alilipenda kuliko vikombe vyote vilivyowekwa kabatini kwa mudir, mkuu wa chuo. Kila mrefu aliyepita ukutani kwake alimshonea kanzu ya kumaliza masomo, hakuchukua kitu.

Lakini hajawaona wakicheza. Hata siku moja. Wanawake hawaendi uwanjani, mudir alisema, na Mahrous akasema mudir amesema, na yakaishia hapo.

Kisha mwaka wa themanini na tano ikaja redio.

Mtu wa redio alitoka mji mkuu na kinasa sauti begani. Siku ya matangazo Bi Turkiya alisimamisha cherehani, kitu ambacho hakufanya hata kwa taarifa za vita. Wadha alikaa chini karibu naye, akimenya machungwa.

"Ustadh Mahrous," ikauliza ile redio, "mnawapataje vijana warefu namna hii?"

"Ni utafiti," ikajibu sauti ya Mahrous, nyembamba kidogo kuliko ya nyumbani. "Utafiti wa kisasa. Tunapima, tunalinganisha."

Mudir akaongeza juu ya bidii ya idara na mipango ya maendeleo. Bi Turkiya akangoja. Wadha akaacha kumenya. Ikaja bei ya tende katika masoko ya ndani, na ikaja hali ya hewa.

Bi Turkiya akazima redio. Akainuka, akachomoa nyuzi zote ndefu misumarini, moja baada ya moja, akazizungusha vidoleni na kuzitia katika kopo la biskuti, akalifunika kwa kiganja mpaka likalia.

"Wifi," akasema Wadha kwa Kiswahili chake alichojifunzia jikoni, "utamfanya nini?"

"Sitomfanya kitu. Nitamshonea kanzu yake ya Idi, mshono ulionyooka."

Wadha akaelewa kwamba mambo ni makubwa.

Mahrous alikuja kesho yake baada ya laasiri, uso unang'aa, watu wote wa sokoni wamempongeza. "Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akakaa. Akapewa kahawa. Macho yakaenda ukutani kwa mazoea, yakakuta misumari mitupu.

"Nyuzi ziko wapi?"

"Zipo."

"Ule mweusi? Ule wa sufi ya mbuzi? Niliuona juzi, dada. Umegusa sakafu ukajikunja shubiri nzima. Ule wa nani?"

Ulikuwa umeletwa na mwanamke mmoja wa wilaya ya Dima wa Tayyin, aliyeshuka milimani na kitambaa kwapani. Mwanawe alikataa kuja mjini kwa sababu watu humtazama, basi alimpima mwenyewe nyumbani kwa kamba ya sufi, na Bi Turkiya alipoinyosha alidhani yule mama amekosea. Akampima mama mwenyewe, akamkuta naye mrefu, akaona hakukosea.

"Kwani utafiti wako haukukwambia?" akauliza.

Mahrous akageuza uso kutoka ukutani. Akasema, "Ningesemaje, dada? Ningesema kwenye redio kwamba mimi nachungulia nyuzi za dada yangu? Wanatutafuta kosa wale wa Nizwa. Wakisikia uzi watasema ndio huo uganga."

"Kwa hivyo mimi ni aibu."

"Sikusema hivyo."

"Mwaka wa sabini na tano uliniambia nisizungumze Kiswahili maofisini. Mwaka wa sabini na nane uliniambia nisije na buibui ya Unguja kwenye sherehe ya chuo, kisha sherehe yenyewe ukaniambia nisije. Sijasahau, nimekaa tu."

Mahrous alifanya alilolijua. Aliweka finjani chini mbele yake, imejaa, akaikunja mikono.

Bi Turkiya akaitazama finjani, akamtazama yeye. "Hiyo itapoa," akasema, akageukia cherehani.

Ilipoa. Mahrous aliipenda kahawa ya dada yake kuliko kitu chochote kinachonyweka, na alikaa akiitazama inavyotulia, mpaka akachoka.

"Sema unataka nini," akasema.

"Nataka kuona. Alkhamisi mnacheza na Nizwa. Nataka kukaa nione wanavyocheza. Nikishaona, nitakwambia uzi mweusi ni wa nani."

"Mudir atakataa."

"Kamuulize."

Alimuuliza, na mudir alikataa, kwa upole, huku akimmiminia chai. Mahrous akarudi na picha sita za timu, kubwa, za rangi. Bi Turkiya alizitazama zote. "Wamesimama," akasema, akamrudishia.

Mahrous alikuwa na sababu ya kuhangaika. Yaarub alikuwa anamaliza masomo mwaka ule, na baada ya Yaarub hapakuwa na mtu mrefu kama yeye hata mmoja aliyebaki. Nizwa nao walikuwa wamepata kocha mpya, Ustadh Zuhair, mtu mwenye macho, aliyeanza mwenyewe kuzunguka vijijini.

Jumatano, mambo yakajileta. Mama wa Dima wa Tayyin alikuja kuchukua kanzu, na safari hii mwanawe alikuja naye, kwa vile alihitaji kupeleka karatasi zake za sekondari ofisini. Jina lake Harub, na alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliingia chumbani upande upande, akakaa haraka ili asionekane. Bi Turkiya alimvisha kanzu, akamzunguka, akavuta upindo. Ilimkaa.

"Ushawahi kushika mpira?"

"Nimeshika mbuzi, khalti," akasema, kama anayemwita mama mdogo.

"Wanakimbia?"

"Wangu hawanikimbii. Mkono unafika."

Bi Turkiya akacheka, halafu akaacha kucheka, akafikiri. Ule usiku mama na mwana walilala kwake, na Harub alilala mguu nje ya mkeka.

Alkhamisi baada ya laasiri Wadha alileta pikapu mlangoni. Nyuma yake zilikuwa nyingine nne, za binamu zake, wanawake watupu, na vumbi lao.

"Panda, wifi."

"Mudir amekataza."

"Amekataza uwanja. Hatuendi uwanjani."

Walishuka kwenye wadi, kwenye changarawe kavu, wakaziegesha pikapu mstari mmoja, vichwa vimeelekea saruji, hatua kumi kutoka kwenye mstari wa chokaa wa uwanja. Bi Turkiya alikaa mbele na Wadha, buibui ya Unguja ameivaa. Harub aliambiwa akae nyuma na mama yake na asisimame. Hata akikaa, kichwa chake kilipita paa la gari.

Mlinzi wa chuo alikuja anakimbia. Mudir anasema wanawake waondoke.

"Mwambie mudir wadi ni ya maji," akasema Wadha. "Maji yakija tutaondoka."

Mlinzi alikuwa mtu wa Jalan, na alimjua baba yake Wadha. Alikwenda kulifikisha neno lile bila haraka.

Wachezaji wakatoka. Na hapo Bi Turkiya alipata pigo ambalo hakulitarajia: hakumjua hata mmoja. Aliwajua watu hawa kwa kanzu, kwa upindo na kola, na sasa wamevaa kaptula, miguu mitupu inakwenda huku na huku, wote sawa. Miaka mitano ameomba aone, na anaona watu asiowajua. Alishika mlango wa gari.

"Yupi Yaarub?" akauliza Wadha.

"Sijui."

Mpira ukarushwa juu. Mtu mmoja akaruka, mikono yote miwili juu, na bega lake la kushoto likabaki chini ya la kulia, kwa upana wa kidole kimoja.

"Yule," akasema Bi Turkiya. "Yule ndiye Yaarub. Bega hilo nalishusha kila mwaka." Kisha, taratibu, wengine wakamjia. Yule mwenye mkono wa kulia mrefu kuliko wa kushoto, anayepiga mpira nao. Yule mwenye shingo fupi. Yule aliyemkatia kifua mara mbili kwa sababu alikuwa akipumua wakati anapimwa, na tazama anavyopumua. Mafundo yote aliyoyafunga yalikuwa yanakimbia mbele yake, yanageuka, yanaruka, na kila mmoja alikwenda vile vile uzi wake ulivyosema atakwenda. Hakutazama pointi. Aliwataja kwa majina, mmoja mmoja, na Wadha akawapigia honi kila walipotajwa, mpaka mwamuzi akaja kuomba wapunguze.

Ilikuwa karibu na mapumziko Harub aliposahau. Mpira ulitoka nje, ukaja wadini juu kwa juu, na yeye akasimama ndani ya pikapu akaudaka kwa mkono mmoja kama anavyodaka mbuzi, akabaki kaushika hewani hajui aupeleke wapi.

Uwanja mzima ukageuka. Watu hawakutazama mpira.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, Ustadh Zuhair wa Nizwa alikuwa ameshavuka chokaa. Alikuja mbele ya dirisha la Bi Turkiya, akatoa salamu zote, akauliza habari za nyumba, za afya, za mvua, hakuruka hata moja. Kisha akasema, "Mama, huyu ni mwanao?"

"Mwanawe yule mama nyuma. Mimi namshonea."

Zuhair akamtazama Harub, akazitazama kanzu za wachezaji wa Ibra zilizotupwa juu ya benchi, akamrudia yeye. Hakuwa mjinga. "Na hawa wote unawashonea wewe."

"Wote."

"Miaka mitano," akasema Zuhair, "wenzangu wanamtafuta mchawi, kumbe ni mshonaji." Alicheka, lakini kwa heshima. "Mama, njoo Nizwa. Mlete kijana huyu. Tutakuwekea kiti kivulini, na jina lako litasomwa kabla ya mchezo. Wallahi."

Ndiyo yaleyale Bi Turkiya aliyoyataka, na mtu wa kwanza kuyasema alikuwa mgeni. Alikuwa hajajibu alipomwona Mahrous anakuja kutoka upande wa pili, anavuka uwanja mzima mbele ya mudir na wageni, amechukua finjani kutoka sinia ya wakubwa. Nusu ya kahawa ilikuwa imemwagika kidoleni.

"Dada," akasema. "Karibu kahawa."

Bi Turkiya alishuka garini. Alipokea finjani kwa mkono wa kulia, akageuka, akaiweka juu ya boneti ya pikapu. Akaiacha.

Hakuna mtu pale aliyehitaji kuelezwa. Binamu za Wadha walitoa vichwa madirishani. Upande wa wageni wazee wakanyosha shingo. Hata mudir alisimama.

Mahrous alitazama finjani. Alimtazama Zuhair, akamtazama yule kijana aliyesimama juu ya gari, na halafu kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama dada yake usoni.

"Kunywa," akasema. "Haja yako imepita."

"Hujaisikia."

"Imepita, dada."

Bi Turkiya alikuwa ameandaa mengi tangu siku ya redio: sabini na tano, sabini na nane, buibui, kopo la biskuti. Yote alikuwa nayo, kwa mpangilio. Akayatafuta akaona hayana haja.

"Waambie," akasema. "Waambie nani anawapata."

Mahrous alikwenda kwenye kipaza sauti cha mudir. Mudir akakishika, kisha akakiachia. Mahrous alisema kwa Kiarabu, na sauti yake ikapasuka mwanzoni. Alisema utafiti wa kisasa hakuna. Alisema ni nyuzi za katani za dada yake Turkiya, na kwamba kila kijana mrefu aliyevaa jezi ya chuo hiki aliguswa na mkono wake kabla hajaguswa na mpira, na kwamba yeye alilijua hilo siku ya redio na akalimeza. Kisha akalirudia lote kwa Kiswahili, kwenye kipaza sauti cha serikali, na kwenye benchi walimu wawili wazee wa Kizinjibari wakainamisha vichwa wakafuta macho kwa ncha za vilemba.

Pikapu tano zikapiga honi kwa pamoja. Safari hii mwamuzi hakuja.

Walikuja wachezaji. Yaarub alikuwa wa kwanza, jasho linamtoka, akainama kama anapita mlangoni akambusu kichwani. "Khalti, kumbe ni wewe unayenishushia bega."

"Na utembee wima," akasema Bi Turkiya. "Mwaka huu limeshuka zaidi. Begi hilo la vitabu libebe upande mwengine."

Wakapita wote, mmoja mmoja. Wawili wenye mama wa Unguja walisema shikamoo. Alipomaliza akachukua finjani bonetini akainywa. Ilikuwa baridi na haina iliki, na aliinywa mpaka mwisho.

"Na mimi?" akauliza Ustadh Zuhair, ambaye hakuondoka. "Kiti cha Nizwa kipo vile vile."

"Nashukuru kwa kiti. Lakini mwenye miguu ni yeye, muulize."

Harub alikuwa bado ameshika mpira. Watu wote walimtazama, na safari hii hakukaa. "Nizwa ni mbali?" akauliza.

"Saa mbili na nusu hivi kwa gari," akasema Zuhair. "Unapita Bidbid."

"Na Ibra?"

"Ibra upo," akasema mama yake.

"Basi hapa. Nizwa ni mbali na mbuzi."

Zuhair akainua mikono yote miwili, akacheka, akakubali. Ibra walishindwa siku ile, kwa pointi nne au sita. Bi Turkiya hakuwa na hakika, na Wadha naye alikuwa akipiga honi. Mahrous alipokuja kupanda nyuma ya pikapu, akikaa juu ya gurudumu la akiba kando ya Harub, hakuonekana mtu aliyeshindwa. Alikuwa ameshaanza kumwonyesha yule kijana vidole vinavyokaa juu ya mpira.

Walikuwa wanaondoka Zuhair alipokuja mbio tena dirishani. "Mama, samahani. Na kanzu? Mgeni wa Nizwa unamshonea?"

Bi Turkiya alitoa uzi mpya mfukoni. Alimpimia pale pale, kwa kupitia dirisha, bega, mkono, kisha akamwambia ashike ncha moja shingoni na nyingine aivute mpaka kifundo cha mguu, akaukata uzi, akauning'iniza kutoka paa la gari. Uliishia mbali juu ya changarawe.

"Wewe," akasema huku akifunga fundo, "endelea kufundisha."